Barafu Ikiyeyuka, Maji Yake Yanakaa Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Dar es Salaam mbele ya walimu wa jiografia, wanafunzi wao wa kidato cha tano na cha sita, na wavuvi wachache waliokubali mwaliko. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo walilalamika kwamba hazionekani.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za mchana. Wanafunzi, hamjambo? Poleni na joto, na poleni zaidi na foleni. Najua kuna waliotoka Mbagala alfajiri ili wawahi viti vya mbele.

Kila ninapozungumza habari za barafu ya kwenye ncha za dunia, swali la kwanza huwa ni lile lile. Mwalimu, barafu hiyo ikiyeyuka, Kigamboni itazama? Msasani je? Na ile barabara ya ufukweni tunakopunga upepo jioni? Ni swali la haki kabisa. Barafu ya Greenland peke yake, ikiisha yote, ingeinua bahari za dunia kwa zaidi ya mita 7, na ile ya Antaktika ingeongeza mita 58 hivi. Haitaisha yote leo wala kesho, lakini mwenye nyumba kando ya bahari lazima aulize.

Ila mimi leo nataka tuulize swali la pili, ambalo silisikii. Maji ya barafu hiyo hayana chumvi. Ni maji matamu. Yakiingia baharini, yanakwenda kukaa wapi? Yanachanganyika papo hapo yakapotea? Yanazama? Yanaelea? Maana jibu lake linagusa mvua, linagusa hewa wanayovuta viumbe wa vilindini, na linagusa hata hicho kimo cha bahari mnachokiogopa.

Naomba tuanzie mbali kidogo, mwaka 1751.

Mwaka huo nahodha mmoja Mwingereza, Henry Ellis, alikuwa katika Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Afrika, kwenye joto linalofanana na hili letu. Meli yake ilikuwa ya biashara ya watumwa. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wanaosimulia kisa hiki hulipita kimya kimya, na sisi ambao Bagamoyo ni jirani yetu hatuna sababu ya kulipita. Alikuwa amepewa kifaa na kasisi mmoja wa kwao, Stephen Hales: ndoo ya kufungwa kwenye kamba, yenye kifuniko juu na kifuniko chini. Ndoo ikishuka, vifuniko vinafunguka na maji yanapita katikati. Ikivutwa, vifuniko vinajifunga, inapanda na maji ya kule kule ilikofika. Ndani mna kipimajoto.

Ellis akaishusha ndoo, akaipandisha, akasoma. Akaishusha zaidi, akasoma tena. Akaendelea hivyo mpaka kamba ikafika zaidi ya mita 1,600. Maji ya juu yalikuwa na nyuzi 29. Ndoo ikirudi kutoka chini ilikuwa na maji ya nyuzi 12, na bila shaka yalikuwa yamepata joto kidogo njiani. Na baada ya kugundua jambo zito namna hiyo alifanya nini? Aliyatumia maji yale kuogea na kupoozea mvinyo wake. Basi.

Lakini hebu tafakarini. Jua la tropiki linaipiga bahari ile mwaka mzima, miaka nenda miaka rudi. Kwa nini chini kuwe na baridi? Joto limekuwa na muda wote wa dunia wa kushuka. Maji yale yangekuwa ya hapo hapo, yangekuwa yameshapata moto zamani za kale. Kumbe si ya hapo! Mwaka 1797 Benjamin Thompson, ambaye wengi humjua kwa cheo chake cha Count Rumford, alilifikiria jambo hilo na kusema kwamba maji hayo yametoka kwenye ncha za dunia: yamepoa huko, yakazama, yakatambaa sakafuni mpaka tropiki. Hakuwa amepima chochote baharini. Alifikiri tu, na alifikiri sawasawa.

Na hapa kwetu je? Mkondo kati ya Dar es Salaam na Unguja ni wa kina kifupi. Lakini ninyi mnaofuata jodari huko nje, mkishaipita Mafia kuelekea mashariki, sakafu inaporomoka maelfu ya mita. Juu, maji ni ya nyuzi 25 hadi 30, mtoto anashinda anaogelea. Chini kabisa ni nyuzi 1 au 2. Maji hayo ya chini yametoka Antaktika. Yamepanda kaskazini yakifuata mabonde ya sakafu, yakapita mashariki mwa Madagaska, yakajipenyeza kwenye pengo liitwalo Amirante, karibu na Shelisheli, ndipo yakaingia katika bonde kubwa la bahari lililo mbele ya Somalia, Kenya na sisi. Hayakuwa na njia nyingine. Upande wa kaskazini Bahari ya Hindi imezibwa na bara la Asia, haifiki kwenye baridi kali, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea maji yake ya sakafuni. Inaletewa kutoka kusini.

Mzee wangu wa Kunduchi pale, umevua miaka yote hiyo juu ya maji ya Antaktika. Ulikuwa unajua? (Mzee alijibu: "Sasa ndiyo najua kwa nini yananiuma magoti.")

Haya. Tumekubaliana kwamba maji ya vilindini yamezama kwenye ncha za dunia. Sasa yanazamaje? Hapo nahitaji msaidizi. Wewe binti, njoo.

Kwenye mtungi huu wa kioo kuna maji ya chumvi, nimeyatia rangi ya rozela ili muyaone. Kwenye jagi ni maji ya bomba. Mimina ya bomba juu ya haya mekundu, lakini yapitishe juu ya kijiko, taratibu. Taratibu! Mnaona? Yamekaa juu. Mstari umejichora wenyewe, meupe juu, mekundu chini. Sasa chukua mrija huu, upulize juu ya maji kama upepo wa kusi. Puliza tena. Meupe yanacheza, sivyo? Na mekundu? Yametulia, kama hayahusiki. Mwachieni makofi.

Hayo ndiyo yote ninayotaka mwondoke nayo kuhusu fizikia. Maji matamu yanaelea. Na yakishaelea yanakuwa kifuniko. Upepo unalisukuma tabaka la juu, baridi inaligusa tabaka la juu, na lililo chini halipati habari.

Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Katika bahari ya joto kama yetu, joto lina usemi mkubwa katika uzito wa maji. Katika bahari ya baridi kali, chumvi ndiyo inayoamua. Tofauti ya gramu moja kwa kilo, ambayo hapa Coco Beach hakuna ulimi utakaoihisi, huko inatosha kuamua kama maji yatazama au yatabaki juu.

Kusini, kule Antaktika, kuna namna nyingine ya kuyaongezea maji uzito. Wakazi wa karibu na mabwawa ya chumvi wanajua: jua linachukua maji, chumvi inabaki. Antaktika kazi hiyo inafanywa na baridi. Maji ya bahari yanapoganda, kwenye nyuzi 1.9 chini ya sifuri, barafu inachukua maji na kuiacha chumvi nyingi nje. Upepo mkali unaoteremka kutoka juu ya bara unaisukuma barafu mpya mbali na pwani, bahari inabaki wazi, inaganda tena, inaacha chumvi tena. Siku nzima, majira ya baridi yote. Maji yaliyobaki yanakuwa mazito kupita kiasi na kuteremka kwenye mteremko wa sakafu hadi vilindini. Yanafanya hivyo katika Bahari ya Weddell, katika Bahari ya Ross, katika pwani ya Adélie na karibu na rasi ya Darnley. Sehemu hizo chache zinalisha sakafu ya bahari karibu dunia nzima.

Lakini nilisema maji matamu ni kifuniko, na labda kuna mtu anasema moyoni: mtungi ni mtungi, bahari ni bahari, mawimbi yatachanganya tu. Nimsimulie huyo habari za Agosti 1893. Fridtjof Nansen wa Norway alikuwa na meli yake Fram kaskazini ya Siberia, akielekea kwenye barafu. Hapakuwa na dhoruba, injini nzima, mvuke umejaa. Ghafla meli ikawa kama imeshikwa na mtu kwa nyuma. Walijaribu kukata kona, walijaribu kuzunguka duara zima, wapi. Ikawa inajikokota. Nansen akagundua jambo la ajabu: maji ya juu yalikuwa matamu kiasi cha kunyweka, lakini yale yaliyoingia kwa bomba la chini ya meli yalikuwa na chumvi nyingi mno, hayafai hata kwa boila. Tabaka jembamba la maji matamu lilikuwa limelala juu ya bahari ya chumvi. Baadaye Vagn Walfrid Ekman alilichunguza jambo hilo kwenye tangi, akachapisha majibu mwaka 1904: meli ilikuwa inapoteza nguvu zake kwa kutengeneza mawimbi yasiyoonekana, kule chini matabaka mawili yanapokutana. Mabaharia wa Skandinavia walikuwa wanayajua kitambo, wakiyaita maji mfu.

Kwa hiyo hata rafadha ya meli haikutosha kuyachanganya. Na bahari ya Aktiki imejaliwa maji matamu kweli kweli. Ina takriban asilimia 1 tu ya maji ya bahari zote, lakini inapokea kama asilimia 11 ya maji ya mito yote duniani: Ob, Yenisei, Lena, Mackenzie. Kwa hiyo kifuniko chake kipo siku zote. Shida inaanza kinapohama.

Ndugu zangu, kisa ninachokipenda kuliko vyote ni hiki kinachofuata, na nitakaa nacho kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, maji matamu mengi kuliko kawaida, pamoja na barafu, yalitoka Aktiki kupitia mlangobahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard. Mengi kiasi gani? Wataalamu walikuja kukadiria ziada hiyo kuwa kama kilomita za ujazo 2,000. Chukueni Ziwa Victoria lote, Mwanza, Bukoba, Musoma, mpaka Kisumu na Entebbe, mlijaze robo tatu. Si mbali na hapo. Iceland ndiyo waliopigwa hodi kwanza. Barafu ya bahari ilifika pwani yao ya kaskazini, na wazee wa huko wanaikumbuka ile miaka kwa jina la miaka ya barafu.

Halafu yale maji hayakupotea. Yalizunguka ncha ya kusini ya Greenland, yakaingia Bahari ya Labrador, upande wa Kanada. Sasa hapo Labrador ni mahali pa pekee. Ni mojawapo ya sehemu chache ambako maji ya Atlantiki ya kaskazini huzama wakati wa baridi. Na kwa bahati palikuwa na meli ya Marekani ya kupima hali ya hewa, iliyokaa kituo kimoja kilichoitwa Bravo, ikitikiswa na mawimbi mwaka baada ya mwaka. Kabla ya setilaiti, marubani wa kuvuka Atlantiki walizitegemea meli kama hizo. Mabaharia walikuwa wanashusha vyombo, wanapandisha, wanaandika.

Waliandika nini? Kwamba kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia majira ya baridi ya 1968 na 1969, maji hayakuzama. Maji ya juu yalichanganyika kwa mita kama 200 tu, kisha basi. Mahali ambapo mwaka wa kawaida maji ya juu hushuka zaidi ya mita elfu moja! Baridi ilikuwepo, upepo ulikuwepo, lakini kifuniko kilikuwa juu. Mpaka yalipokuja majira makali sana ya baridi ya 1971 na 1972 ndipo maji yakazama tena. Lile rundo la maji matamu likaendelea na safari, likavuka Atlantiki kurudi mashariki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 likapimwa tena kwenye bahari ya Norway, karibu na lilikoanzia. Zaidi ya miaka kumi barabarani na bado linatambulikana! Mkiulizwa kama maji matamu yanachanganyika papo hapo, jibu mnalo.

Na angalieni: 1968 hapakuwa na mtu aliyeyeyusha Greenland. Upepo tu uligeuka. Leo upepo upo vile vile, na juu yake barafu ya Greenland inapungua kwa wastani wa tani bilioni 270 kwa mwaka. Juu ya hapo, kaskazini ya Alaska kuna duara la maji liitwalo Beaufort ambalo limekuwa likikusanya maji matamu. Akiba yake imeongezeka kwa kama asilimia 40 tangu miaka ya 1970. Upepo ndio umelishika. Upepo ukibadilika, utaliachia.

Sasa twende kwenye mkondo wenyewe, ule mkubwa wa Atlantiki, maana kuzama huko ndiko kunakouendesha kwa sehemu kubwa. Maji ya juu ya Atlantiki, yenye joto na chumvi, yanakwenda kaskazini, yanapoa, yanazama, yanarudi kusini kwa chini. Tangu 2004 kuna vyombo vilivyotegwa kuvuka Atlantiki nzima, kutoka Bahama hadi Afrika, vinavyopima safari hiyo mchana na usiku. Wastani wake ni mita za ujazo milioni 17 kila sekunde. Rufiji, Kongo, Naili, Amazon na mito mingine yote ya dunia, ikusanye pamoja: inafika milioni 1 na kidogo.

Mwaka 1961 Mmarekani Henry Stommel aliandika makala fupi yenye hesabu rahisi sana. Masanduku mawili ya maji, moja la joto na chumvi, moja la baridi, na mabomba ya kuyaunganisha. Hesabu ikamwonyesha kitu cha kushtusha. Mkondo ndio unaoleta chumvi kaskazini. Chumvi ndiyo inayoyafanya maji yazame. Na kuzama ndiko kunakouvuta mkondo. Ukimwaga maji matamu ya kutosha, chumvi inapungua, kuzama kunapungua, mkondo unadhoofika, chumvi inayoletwa inapungua zaidi. Mambo yanajilisha yenyewe. Na mkondo ukishasimama, kupunguza yale maji matamu kidogo tu hakuurudishi. Walimu wa hesabu mliomo humu, milinganyo yake inafundishika kidato cha sita. Natamani ifundishwe.

Je, imewahi kutokea? Imetokea. Kama miaka 8,200 iliyopita, ziwa kubwa sana la maji ya barafu lililokuwa Kanada, wanaloliita Agassiz, lilipasua ukuta wake wa barafu na kumwagika kwenye Ghuba ya Hudson. Greenland ikapoa kwa kama nyuzi 3, kwa zaidi ya karne moja. Na kabla ya hapo, enzi za barafu, yalikuwepo makundi ya milima ya barafu iliyomeguka Amerika ya Kaskazini na kuyeyukia katikati ya Atlantiki. Hartmut Heinrich, Mjerumani, ndiye aliyeyaeleza mwaka 1988 baada ya kukuta mawe ya nchi kavu kwenye tope la sakafu ya bahari. Mawe yanafikaje katikati ya bahari? Yamebebwa na barafu, barafu ikayeyuka, mawe yakaanguka.

Mtaniambia: Mwalimu, hayo ni ya Kanada. Haya, turudi nyumbani.

Miaka ya 1990 watafiti walitoboa tope la chini ya Ziwa Victoria, wakalisoma tabaka kwa tabaka kama mtu anayefungua kurasa. Tope laini la ziwa, tope la ziwa, tope la ziwa, halafu ghafla: udongo mgumu, uliowahi kukauka. Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Lilikauka kabisa, Wasukuma wangetembea kwa miguu kutoka Mwanza mpaka Entebbe, na lilijaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Ndiyo maana furu wale wa Ziwa Victoria, mamia ya aina, ni maajabu ya wanabiolojia: wamejigawa katika muda mfupi mno. Ziwa Tanganyika nalo lilishuka sana wakati huo, ila lenyewe ni refu kwenda chini, halikuisha.

Na ukame ule mkali uliangukia lini? Sambamba na mojawapo ya matukio ya Heinrich, wakati Atlantiki ya kaskazini imefunikwa na maji ya barafu na mkondo wake umedhoofika. Kaskazini ikipoa, ukanda wa mvua wa tropiki husogea kusini na kukosa nguvu, na bahari za tropiki zinabadilika nazo. Sisemi Ziwa Victoria litakauka kesho. Dunia ya wakati ule ilikuwa na barafu nyingi kuliko hii na baridi yake ilichangia. Nasema njia ipo. Kati ya kifuniko cha maji matamu kule Labrador na mawingu ya masika hapa, njia ipo, na imeshapitwa.

Na sisi si watazamaji tu. Mkondo wa ikweta wa kusini unakuja kutoka mashariki, unapita kaskazini ya Madagaska, unagonga pwani ya Afrika karibu na mpaka wetu na Msumbiji, na hapo unagawanyika. Tawi moja linapanda: Mtwara, Kilwa, Mafia, Dar es Salaam. Hilo ndilo mnalolijua, ndilo linalowasukuma ngalawa. Tawi la pili linateremka, na maji yake yanapita kati ya Msumbiji na Madagaska hadi Afrika Kusini, ambako mkondo wa Agulhas unageuka kwa kishindo na kuachia mizunguko mikubwa, mingine yenye upana wa kilomita 200 au 300, inayoingia Atlantiki ikiwa na joto na chumvi. Chumvi! Ile ile inayohitajika kaskazini ili maji yazame. Sehemu ya chumvi hiyo imepita mlangoni kwetu. Mimi kila nikilifikiria hilo nafurahi peke yangu.

Sasa mabishano, maana yapo, na sitaki mdanganywe na upande wowote. Ile habari ya miji kuganda ndani ya siku mbili ni ya sinema, iacheni huko huko. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilisema kudhoofika kwa mkondo huu karne hii ni jambo lenye uwezekano mkubwa sana, lakini likasema pia, kwa uhakika wa wastani, kwamba hautaporomoka ghafla kabla ya 2100. Mwaka 2023 Peter na Susanne Ditlevsen wa Denmark, kaka na dada, walitoa hesabu inayosema mporomoko unaweza kutokea wakati wowote kati ya 2025 na 2095. Wenzao wengi waliipinga njia waliyotumia. Mwaka 2025 kundi lingine lilizichunguza modeli 34 za kompyuta, likaona mkondo unadhoofika sana lakini haukatiki, kwa sababu upepo wa Bahari ya Kusini unaendelea kuyavuta maji ya chini yapande juu. Ukiniuliza mimi, nitakwambia suala la mkondo kukatika au kutokatika limewameza waandishi wa habari. Kudhoofika peke yake kuna gharama. Mwaka 2009 na 2010 ule mkondo ulipungua kwa kama asilimia 30 kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na katika miaka hiyo kimo cha bahari kaskazini ya New York kilipanda kwa sentimita 12 au 13, kisha kikashuka. Mkondo ukilegea, maji yanaegemea pwani. Ninyi mliokuja kuuliza habari za kimo cha bahari, hilo nalo limo.

Na kusini, ambako maji ya sakafu yetu yanatoka? Barafu ya Antaktika ya magharibi inayeyuka kwa chini, maji yake matamu yanachukuliwa na mkondo wa pwani hadi Bahari ya Ross, na vipimo tangu miaka ya 1950 vinaonyesha chumvi ya huko imepungua, ingawa hivi karibuni ilipanda tena kwa muda. Utafiti uliotoka 2023 ulikadiria kwamba tukiendelea kuchoma mafuta na makaa kwa kiwango cha juu, kuzama kwa maji ya Antaktika kutapungua kwa zaidi ya asilimia 40 ifikapo 2050. Maji yanayozama ndiyo yanayobeba oksijeni kupeleka chini. Na maji yanapozama mahali pamoja, mahali pengine lazima yapande, na yakipanda huleta juu virutubisho ambavyo mimea midogo ya baharini inakula, na dagaa wanaila hiyo, na jodari wanawala dagaa. Kitu kinachofanyika polepole namna hii hakitamgonga mtu soko la Feri wiki ijayo. Lakini sakafu ya bahari inapata joto, kidogo kidogo, vipimo vinaonyesha hivyo tangu miaka ya 1990, na joto likishafika kule halitoki kwa maisha ya wajukuu wetu.

Walimu, moja la kufanyia kazi Jumatatu. Kuna vyombo karibu 4,000 vinavyoelea katika bahari zote, viitwavyo Argo. Kila kimoja hushuka hadi mita 2,000, kinapanda kikipima joto na chumvi, kinafika juu, kinatuma majibu kwa setilaiti, kinashuka tena. Vichache vya aina mpya vinafika mita 6,000, yaani mpaka kwenye maji yale ya Antaktika niliyowaeleza. Vingine viko Bahari ya Hindi sasa hivi tunapozungumza, na takwimu zake ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Darasa likichukua chombo kimoja, likachora chumvi dhidi ya kina kwa mwaka mzima, watoto watayaona matabaka ya bahari kwa macho yao wenyewe. Karatasi ya maelekezo nimeiacha mlangoni. Zikiisha, pigeni picha kwa simu.

Nakaribisha maswali. Tuanze na kina mama wa nyuma kule, maana kipaza sauti kimekaa mbele muda wote, halafu mzee wa Kunduchi, ambaye naona amesimama tayari.